Birika la Saa Nne

Agness, mjane kutoka Bunda, alikuwa kwenye basi anarudi hospitali Musoma kuulizia jina lake. Juzi aliambiwa kompyuta imezimika, na orodha ya watakaopasuliwa macho haionekani. Njia nzima alisali kimya, mpaka alipowasikia abiria wawili wa mbele wakiitaja hospitali hiyohiyo.

Muharami, fundi wa kompyuta wa pale, alishikilia kuwa cha kwanza ni vifaa imara. "Waya nimebadilisha mara tatu, kaka."

"Na kila siku saa nne inazimikaga," akajibu Hezron, karani. "Ungemuuliza mama wa chai. Alikuwaga anachomoa waya wako achomeke birika. Cha kwanza ni kuuliza watu."

"Kwa hiyo mama wa chai ndiye injinia?"

"Yeye angalau ukimpigia anapokea."

Agness hakuweza kungoja wamalize. "Samahani wanangu, na majina ya macho?"

"Yapo yote, mama. Nilikuwa na nakala," akasema Muharami.

"Mungu akubariki, baba."

"Ona, vifaa," Muharami akamwambia mwenzake.

"Umeulizwa ndiyo ukasema," akajibu Hezron.

Gari likasimama Bweri, stendi ya Musoma. Waliposhuka wakiwa bado wanabishana, Agness alikuwa ameshawapita, kwa mwendo ambao magoti yake yalikuwa yameusahau.