Usingizi wa Mama Guyo

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, na ninyi mlio nje kivulini mwitikie! Leo nashuhudia nimeketi, mchungaji ameniruhusu. Hii chupa iliyo miguuni pangu isiwashtue, nitaieleza.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Ekai, nimeokoka tangu miaka ya sabini, wakati kanisa hili lilikuwa turubai na kila mtu alikuja na kiti chake. Mnajua pia jinsi titi langu lilivyokatwa, na jinsi saratani ilivyorudi kwapani. Lakini maumivu yake hamkuyajua. Yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa mazito, yamekaa ndani kwenye mfupa. Ya pili yalikuwa moto. Yalitoka kwapani yakashuka mkono mzima hadi vidoleni, yakichoma na kurusha, hata shanga zangu nilizivua kwa sababu ngozi haikutaka kuguswa. Mturkana mzima natembea shingo tupu, jamani!

Sasa, jirani yangu ni Mama Guyo, Mborana, mtu wa msikitini. Tunapanga nyumba zinazogawana ukuta mmoja wa udongo. Yeye naye ana saratani, ya kizazi, imemshika mpaka mguuni. Tulikwenda hospitali ileile ya misheni upande wa Meru, tukarudi kwa lori moja, kila mtu na dawa zake kwenye kikapu.

Na Mama Guyo alikuwa analala! Kila mchana alitandika mkeka mlangoni, akajinyoosha, akakoroma. Mimi nimekaa upande wangu nimeuma leso, nasikiliza. Ndugu zangu, nilimwonea wivu. Niliuonea wivu ule mkoromo, nikauonea wivu mkeka, nikayaonea wivu hata mate yaliyomtoka mdomoni. Nikamgeukia Mungu. Bwana, anayefunga na kuomba ni mimi! Akina mama wa kanisa wameniwekea mikono mpaka nywele zimetimka, halafu usingizi unampa mtu ambaye hajui hata wimbo mmoja wa kwetu? Nikajiambia mume wake ana mbuzi wengi kule Oldonyiro, lazima mmoja alifika kwa daktari, naye akapewa dawa kali kuliko yangu.

Siku moja mchana nilizidiwa. Nikanywa dawa ya chupa. Ule uzito wa mfupani ukapungua, lakini moto ukabaki palepale, na ukutani nasikia mtu anakoroma. Wivu ukaniinua! Nikatoka, nikamvuta Mama Guyo mguu. Nilivuta ule mzima, sikuwa nimefikia kuvuta mbovu.

"Toa dawa yako niione," nikamwambia.

Akaamka, akaniangalia, akavuta kikapu. Chupa ilikuwa ileile ya mofini, karatasi yake ileile, na vidonge vidogo vilevile. Nilikasirika zaidi. Ningefurahi kumkuta na dawa tofauti.

"Wewe unakunywa lini?" akaniuliza.

"Nikishindwa kabisa."

"Na hii kidonge ndogo?"

Nikasema sijaigusa na sitaigusa. Ndugu zangu, kidonge hicho nilikuwa nimekiona kwenye zahanati, akipewa yule kijana wa sokoni anayegombana na magari. Ni dawa ya wazimu! Mimi mama wa kanisa nikimeza, si mtasema nina pepo?

Mama Guyo alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Ekai, daktari si alisema? Hii maji ni ya ile uchungu kubwa. Moto ni ya mishipa, hiyo inataka hii ndogo. Zote mbili, pamoja. Na mimi singoji hiyo kitu iamke. Adhana ikilia, nakunywa. Ikiuma, isipouma, nakunywa."

Sikumwamini. Nilipanda lori nikarudi kwa daktari, maana wivu ulikuwa bado unaniambia nimefichwa kitu. Daktari akasema yaleyale. Mofini inywewe kwa saa zake, isingoje kuitwa na maumivu. Kile kidonge wenye shida ya akili hupewa kwa kipimo kikubwa, lakini kwa kipimo kidogo, usiku, hutuliza mishipa ya fahamu iliyobanwa. Akaniongezea kingine cha asubuhi cha kupunguza uvimbe, na dawa ya choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Nikamwambia sina saa. Akakubali adhana, ila ya magharibi niiruke, iko karibu mno na ya isha, na kati ya alfajiri na adhuhuri nifuate kengele ya shule.

Moto haukuzimika siku hiyo. Ulipungua polepole, mpaka asubuhi moja niliamka nikakuta nimeulalia ule mkono. Nimeulalia! Nikavaa shanga, mstari mmoja kwanza, nikakaa mlangoni watu wanione.

Ndugu zangu, sijapona saratani, kwa hiyo vigelegele vya hilo mviweke. Bwana amenitoa motoni, na hilo nalishuhudia. Wivu bado ninao kidogo, kwamba jibu la maombi yangu alilipitishia kwa jirani wa msikitini, si kwa mmoja wenu. Nimemwambia Bwana hivyo, bado hajanijibu.

Wewe mwenye mgonjwa anayelia nyumbani, usimwambie avumilie. Mpeleke. Mtegemee Bwana, na dawa aliyoiweka mikononi mwa watu uinywe yote, pamoja na ile unayoionea aibu.

Sikieni! Mnaisikia? Hiyo ni adhuhuri. Msinune, hiyo ndiyo saa yangu. Nipeni kile kikombe.

Haya. Asante, Yesu. Asante, Mama Guyo. Nikitoka hapa naenda kutandika mkeka wangu mlangoni, na atakayepita akanisikia nikikoroma, na aone wivu!