Mama Umejuaje Ahamia Upande wa Wateja

Tarehe 30 Juni, ofisi zikifungwa, Mkuu wa Kitengo cha Utafiti na Takwimu atarudisha kitambulisho chake mapokezi baada ya kuitumikia Mamlaka ya mawasiliano kwa miaka thelathini na mmoja. Asubuhi itakayofuata, Mamlaka itakuwa na mtumishi mmoja pungufu na nchi itakuwa na mteja mmoja zaidi. Wanaomfahamu wanazishauri kampuni za simu zisianze kusherehekea.

Wasifu wa namna hii huandikwa na mfanyakazi mwenza. Mhariri wa jarida alipanda na kushuka ghorofa zote akitafuta wa kujitolea, akarudi mikono mitupu. Kila mtu alimwogopa msomaji mmoja tu, mhusika mwenyewe, ambaye angeweka kidole kwenye sentensi ya kwanza na kuuliza, "Umejuaje?" Ndipo kazi ikaangukia nyumbani kwake, kwa mtoto wa kaka yake aliye kidato cha tatu, ambaye amekuwa akiulizwa swali hilo mezani tangu alipojua kusema. Kwa usalama wa mwandishi, kila jambo lililomo humu limeulizwa kwa watu wawili au zaidi.

Jina la Mama Umejuaje alipewa na dereva wa kitengo. Siku moja wakienda kupima mawimbi ya simu, dereva alichepuka akisema njia ya sokoni ni fupi. Mama akauliza umejuaje. Dereva akajibu kwamba yeye amezaliwa na usukani mkononi. Mama akaomba waipime ile ya sokoni, warudi walikotoka, waipime na ile nyingine. Ya sokoni ilikuwa ndefu. "Tangu siku hiyo," anasema dereva, "hata nikitaka kumwambia mvua inakuja, kwanza namwonyesha wingu."

Alianza kazi kama mdadisi, yaani yule anayebisha hodi kwa watu akiwa na karatasi ya maswali. Enzi hizo simu ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa kama mgeni aliyelala. Mbwa walimkimbiza, watoto walijificha uvunguni wakidhani amekuja kuwachanja, na mzee mmoja alikataa kujibu hata swali moja mpaka naye ajibiwe yake, ambayo yalikuwa mengi kuliko ya serikali. Mama aliyajibu yote. Anasema pale ndipo alipojifunza kwamba anayeuliza ana deni la kusikiliza.

Baadaye alipewa kazi ya mteja wa siri. Alipigia kampuni za simu kwenye dawati la huduma akijifanya mteja wa kawaida, ili apime wanapokea baada ya muda gani na wanajibu nini. Alijifanya bibi harusi aliyepoteza laini siku ya ndoa, mzee asiyesikia vizuri, hata mwanafunzi mtukutu. Kazi hiyo ilimwishia siku binti mmoja wa huduma kwa wateja alipopokea na kusema kwa upole, "Shikamoo mama. Leo wewe ni nani?" Kwenye ripoti, binti yule alipata alama zote, kwa kumjua mteja wake.

Hakuna kisa kinachosimuliwa sana ofisini kuliko kile cha geti. Watu wengi walikuwa wakilalamika kwamba salio lao linakatwa kwa ajili ya ujumbe wa kila siku wa ushauri wa mapenzi, ambao hawakuuomba. Kampuni husika ikaapa kwamba wote walijiunga kwa hiari. Mama hakubishana. Aliomba orodha ya waliojiunga, akailinganisha na orodha ya laini zisizo za watu. Siku hizi mageti ya umeme na mita za maji huwa na laini ndani yake ili ziendeshwe kutoka mbali. Basi ikaonekana kwamba miongoni mwa wafuasi watiifu wa ushauri wa mapenzi zilikuwamo mita za maji kwa mamia, na geti moja la ghala. Kwenye kikao, wakati mwakilishi wa kampuni akirudia neno hiari kwa mara ya tatu, Mama aliuliza geti lile linampenda nani. Watu walivunjika mbavu, mwakilishi naye akacheka mpaka akavua miwani. Wateja walirudishiwa salio lao, na tangu hapo hakuna anayeunganishwa na huduma kabla ya kuthibitisha mwenyewe.

Lakini Mama hataki asifiwe kwa ushindi peke yake. Alisema, kama wasifu hautataja kosa lake kubwa, asipewe nakala.

Miaka sita iliyopita aliongoza utafiti wa kujua kama wananchi wameridhika na mtandao. Ili kuokoa muda, wadadisi hawakwenda majumbani. Walipiga simu. Majibu yalikuwa matamu: watu tisini na sita katika kila mia walisema wanapata mtandao vizuri. Ripoti ikasubiri saini. Jumapili hiyo Mama akaja nayo nyumbani na kumsomea mama yake, ambaye sisi tunamwita Bibi.

Hapa lazima nyumba ielezwe. Iko bondeni, na huko mawimbi ya simu hupita juu ya mapaa kama ndege wasiotua. Mahali pekee panaposikika ni dirisha la jikoni, upande wa kushoto, juu. Pale pamepigiliwa msumari, kwenye msumari imening'inizwa kopo, na ndani ya kopo ndimo simu inamokaa. Anayetaka kuongea hupanda kigoda na kusema kwa sauti, hivyo siri za familia yetu zinajulikana na majirani kabla yetu. Kila Jumapili Bibi hupanda kigoda hicho kuongea na mwanawe wa mwisho, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye huonekana nyumbani mara chache kama kupatwa kwa jua.

Bibi alikuwa juu ya kigoda, akisubiri simu ilie, aliposikia habari ya wale tisini na sita. Akauliza, "Hao mliwauliza kwa njia gani?" Mama akajibu, kwa simu. Bibi akalitazama lile kopo. "Kwa hiyo mwanangu, mliwapigia watu simu kuwauliza kama simu zao zinapatikana, na waliopatikana wakasema zinapatikana?" Kisha akacheka hadi akashikilia nondo za dirisha. Jirani wa ukuta wa pili, ambaye husikia yote, naye alisikika akicheka.

Mama hakucheka. Aliikunja ripoti na kuiacha chai ipoe. Kesho yake alimwambia Mkurugenzi asitie saini, kwa sababu ripoti ina kosa, na kosa ni lake. Akaomba namba ambazo hazikupatikana, zile ambazo wadadisi walikuwa wameziruka wakapiga nyingine. Kijana wa kitengo anayechora ramani akaziwekea nukta moja moja, kwa anwani zilizosajiliwa. Hazikutawanyika. Zilijikusanya mabondeni, nyuma ya vilima na pembezoni mwa miji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sasa mshindo ulikuwa na ramani. Wadadisi wakarudi kubisha hodi kwa miguu, wakikimbizwa tena na mbwa, na kampuni zikaamriwa kujenga minara kila mahali palipothibitishwa.

Kila mahali, isipokuwa kwetu. Minong'ono ilianza kwamba zoezi zima lilibuniwa ili mtafiti apate mtandao jikoni kwake. Mama aliona minong'ono hiyo ingeweza kuangusha ripoti yote na kuwaponza watu wa mabonde mengine, akaomba bonde lake liondolewe kwenye orodha. Kwa kanuni za kazi, mtumishi wa Mamlaka haruhusiwi kuwasilisha lalamiko la nyumbani kwake, maana hawezi kuwa mlalamikaji na hakimu. Kinyozi hajinyoi. Angeweza kulalamika mtu mwingine, lakini majirani walikuwa na hoja yao: kwa nini tupange foleni wakati tunaye wetu huko huko ndani? Bibi ndiye alikuwa mkali zaidi. "Nizae mkubwa wa simu, halafu nikapange foleni ya simu?" Alimnunia siku nzima, kisha akapanda kigoda.

Kwa miaka sita Mama amevumilia utani wa mtaa. Akirudi kazini huulizwa kama mnara wake umekwama njiani kwa pancha. Yeye hucheka. Hakucheka msimu wa mvua uliopita, Bibi alipoteleza kigodani na kuteguka kifundo cha mkono. Simu ilikuwa bado inaita ndani ya kopo. Jioni ile Mama alimfunga Bibi bendeji polepole, na hakuna aliyemwuliza chochote.

Wafanyakazi wenzake walipomwuliza angependa zawadi gani, wengine wakipendekeza friji, wengine kochi, alisema hahitaji kitu. Alitaka kujua tu dirisha la malalamiko la Mamlaka hufunguliwa saa ngapi. Tarehe 1 Julai, basi, wa kwanza kwenye foleni atakuwa mstaafu mmoja aliyemshika mama yake mkono. Bibi amekubali kupanga foleni kwa mara ya kwanza, na viatu vyake vya kutokea vimeshapakwa rangi. Jirani wa ukuta wa pili amesema atakuja kutoa ushahidi, kwa kuwa amesikia yote. Karani wa dirishani tunamwomba asimpendelee. Amwulize, "Umejuaje?" Atamfurahisha kuliko friji.

Kwa niaba ya wote waliowahi kuulizwa swali hilo, na kwa wateja wengi wanaolala salama bila kujua ni nani aliyewaulizia, ahsante. Tunakuombea mapumziko yenye afya, vicheko, na majibu kwa kila utakachouliza.

Nyumbani tulitaka kukiondoa kigoda mapema, kwa matumaini. Bibi amekataa. Anasema ahadi si mnara. Kwa hiyo Mamlaka ikitaka kujua kama familia hii imeridhika, ipige simu Jumapili. Siku Bibi atakapopokea akiwa ameketi, iandikwe ndiyo.