Jua Nililomnyima Tumsifu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe kwa ukungu unaotufunika asubuhi, asifiwe kwa jua linalouondoa! Mimi ni mama Tumsifu, mnanijua, wa nyumba ile ya juu karibu na chanzo cha maji.

Ndugu zangu, Tumsifu nilimpata baada ya mimba tatu kuharibika. Nilipomshika nikawa kama mtu anayeota, naogopa asije mtu akaniamsha. Na niliyemwogopa kuliko wote namtaja leo: wifi yangu Namkunda, aliyeolewa kule Maore, tambarareni, ambaye hajajaliwa mtoto. Alipopanda kutuona, alimtazama mwanangu muda mrefu mpaka machozi yakamlengalenga. Nikajiambia, hilo ni jicho la husuda! Alipoondoka tu, nikaziba dirisha kwa gunia. Nikitoka, mtoto nimemfunika gubigubi kwa kanga mbili. Watu wakasema ni baridi ya mlimani, nikawaacha waseme.

Tuliishi humo kama ndotoni. Ukungu nje, moshi ndani, siku hazina asubuhi wala jioni. Gunia lilikuwa na tundu moja, na jua likichomoza mstari mwembamba wa mwanga ulipita ukutani. Tumsifu aliufuata kwa kiganja, anaushika, unamponyoka, anacheka. Nami nilicheka naye. Jamani, mtoto alikuwa ananiambia, na mimi sikusikia!

Akatimiza mwaka mmoja na nusu hajasimama. Akilala, kichwa kinatoka jasho. Miguu imepinda matege. Nikafunga, nikalia, nikakemea. Na nilimkemea wifi kwa jina lake, peke yangu chumbani! Niliamini ameshamla mwanangu.

Kisha siku moja akaja mwenyewe, na mchele wa Maore kichwani. Alipoingia na kukuta giza mchana, alilivuta lile gunia. Mwanga ukamwagika chumbani, akaiona miguu ya mtoto.

"Wifi, huyu ameliona jua lini?"

Akamfunga mgongoni, akasema tu, "Twende Same."

Hospitali wakampima damu, wakampiga picha ya mifupa. Daktari, mama mmoja mpole, akasema mifupa imekuwa laini kwa kukosa vitamini D, ile ambayo mwili huitengeneza ngozi ikipata jua. Akaandika dawa ya matone, akaagiza dagaa, mayai na maziwa, na mtoto atoke nje kila siku. Kisha akaniuliza, "Mama, kwa nini mtoto anakaa ndani?" Nikamtazama wifi, amempakata mwanangu amelala. Nikasema, "Baridi, daktari." Ndugu zangu, nilidanganya!

Tukakaa Maore kwa wifi miezi kadhaa. Kila asubuhi alitandika mkeka uani, akampa matone yake, akamvua nguo, akamwimbia kwa Kipare. Mimi nilikaa kizingitini nikiwatazama, usingizi mtamu umenijaa machoni, naona jua likitembea polepole juu ya mkeka mpaka linawafikia. Na siku moja Tumsifu akashika ukuta, akasimama. Haleluya! Nililia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani.

Namshukuru Mungu aliyetumia matone, na jua lake ambalo hamuuzii mtu! Wewe mwenye mtoto wa miguu kama ile, nakusihi, usitafute mchawi. Mpeleke akapimwe, na uombe mkiwa njiani. Mtumaini Bwana, lakini dirisha lifungue mwenyewe.

Sasa naomba mnivumilie kidogo, maana uongo ule ninao hadi asubuhi hii.

Wifi Namkunda, umekaa pale benchi la tatu. Umepanda mlima kuja kumshukuru Mungu pamoja nami, hukujua kwamba utayasikia haya. Haikuwa baridi, wifi. Nilimficha mtoto usimwone wewe. Nisamehe.

Umeinama, siuoni uso wako. Lakini Tumsifu ameshashuka mapajani kwa bibi yake, anapita katikati ya mabenchi, hajashikwa na mtu, anakuja kwako.

Mpokee, wifi.