Daftari la Marehemu

Kivuko cha Sengerema kilipoondoka, Evelina alimsikia mama aliyekaa mbele yake akimwambia mzee wasiyefahamiana naye, "Mume wangu ndiye aliyekuwa akinipangia siku. Tulimzika mwezi wa tatu, lakini kila nikiamka nalikuta daftari limeandikwa."

"Unaandika mwenyewe usingizini, mama."

"Sijui kuandika, mzee wangu. Hata kusoma sijui. Hebu nisomee ya leo."

Evelina, asiye na adabu ya kuziba masikio, aliinama kuchungulia.

"Saa mbili, kulisha kuku. Saa nne, kupanda kivuko," mzee alisoma.

"Na saa tano?"

"Pameishia hapo," alisema, akalifunga.

Evelina alikuwa ameshauona mstari wa mwisho: *Saa tano, nitakusubiri gatini.*

Kivuko kilipofika gatini, lango likateremka. Mama akakaza kanga yake, akawa wa kwanza kushuka.