Hamira za Corinne Zimegeuka Nyekundu

Nyuma ya jengo la maabara, Chicago, kuna benchi ambalo theluji hailali, maana halikosi wa kulikalia. Wenyewe ni Askofu, asiye na kanisa ila ana methali, Mkongwe, anayesomea udaktari wa falsafa mwaka wa nane sasa, Dwight, mpishi wa chakula cha hamira na mwenye chupa ya kahawa, na Corinne. Asubuhi hiyo Corinne aliikataa kahawa. Hamira zake, nyeupe tangu vuli, zilikuwa zimeota nyekundu sahani zote. Weupe ndio alama ya protini anayoichunguza, iliyojikunja vibaya, ambayo seli mama humrithisha binti bila jeni kuguswa. Wekundu ni kwamba imetoweka. Saa nne angeingia kwa mkuu wa maabara kumtaja mharibifu.

— Umetia dawa ya kuifuta, Dwight.

— Sijatia kitu, dada.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Mkongwe.

— Nyamaza, alisema Dwight. Wewe miaka minane hujala wala hujaliwa.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Askofu. Protini zako zilikunjwa zimeshakauka.

— Hiyo ni ya malezi ya watoto, Askofu.

— Kwani hao si watoto?

— Mimi nasema maji, alisema Mkongwe. Jiji limebadilisha mabomba.

— Maji wapi, alisema Askofu. Ni wale wa ghorofa ya tano, wana kijicho.

— Basi zimegoma, alisema Mkongwe. Kazitesa kwa joto mwezi mzima, hata mimi ningeiva.

Dwight akaikaza chupa kifuniko.

— Miaka sita nakupikia, Corinne. Ukinitaja kule ndani, benchi hili sirudi.

— Hata jengoni hutarudi.

Solveig, aliyeanza kazi Jumatatu, alikuwa amesimama na kikombe kitupu.

— Samahani, dada. Mmeziozesha hizi nyekundu na nyeupe?

— Ya nini?

— Kama protini imefutwa tu, wajukuu wote watairithi tena kwa mzazi mweupe, watatoka weupe. Kama imevunjika jeni inayoitunza, nusu watatoka wekundu, na hapo hakuna mkono wa mtu. Walitokaje?

Hakuna aliyekuwa ameziozesha. Corinne alihisi hasira yake bado ipo, nzima, ila haina tena pa kukaa. Saa ilikuwa inakaribia nne. Hakuinuka. Alimnyooshea Dwight kikombe.

Dwight hakuigusa chupa.

— Utakunywa wajukuu wakizaliwa.