Rwekaza Kashaija na Hema la Mwaloni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Rwekaza Kashaija, mtunza stoo na mnunuzi wa vifaa wa ushirika wetu wa mazao ya ziwa, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Alikuja akiwa kijana mwembamba kutoka Kamachumu. Anaondoka si mwembamba tena, na lawama zote tunazipeleka kwa mkewe, Mama Annastella, na matoke yake.

Alianza kama karani wa mizani kwenye ghala letu la Bukoba mjini. Baadaye akakabidhiwa stoo, na hapo ndipo tulipomjua vizuri. Hakuna aliyepewa glovu mpya bila kurudisha zile zilizochakaa, awe mpakiaji au meneja. Wapakiaji wakambandika jina la Rudisha Kwanza. Alilisikia, akalipenda, na siku hizi hulitumia mwenyewe akipokea simu.

Jambo jingine ni kwamba hanunui kitu ambacho hajakijaribu mwilini mwake. Zilipohitajika buti za mpira za wapakiaji, alivaa jozi moja wiki nzima, na Jumapili akaenda nazo kanisani. Mama Annastella alihama benchi. Buti zile zilionekana zinabana kifundoni, zikarudi dukani, tukanunua nyingine ambazo mpaka leo hakuna anayezilalamikia.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo zaidi ni ile ya hema.

Asha Muharami, mzaliwa wa Nshambya, ni karani wetu katika mwalo mmoja wa Muleba, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. Ndiye anayepima mzigo mbele ya wavuvi na mbele ya akina mama wanaonunua kwa ajili ya kuanika, na pande zote mbili zinamwamini. Kibanda cha kudumu hakiruhusiwi karibu na maji, na mitumbwi hutia nanga pale upepo unapotaka, leo huku, kesho kule. Kwa hiyo Asha alipima dagaa chini ya mwavuli, na mwavuli ukipinduka, alipima bila mwavuli. Mwaka juzi aliugua nimonia mara mbili, na mara zote mbili akalazwa. Daktari akasema asinyeshewe tena.

Mjini hapakuwa na nafasi ya kumhamishia. Uongozi ukaamua hivi: ipatikane kinga kabla ya mvua za Oktoba, la sivyo Asha aachishwe kazi na mwalo ufungwe mpaka kiangazi. Asha anasomesha watoto peke yake. Alipoelezwa uamuzi huo hakulia wala hakubisha, aliuliza tu kama Mzee Rwekaza amekwisha kuambiwa.

Mzee Rwekaza akanunua hema dogo la duara, lile linalofunguka lenyewe ukilirusha. Akalijaribu kama kawaida yake. Alilipeleka Kamachumu, akalisimamisha katikati ya kibanja chake, akakaa ndani na redio mvua yote ya Jumamosi. Halikuvuja, halikutikisika. Jumatatu aliingia ofisini kwa mwendo wa bwana harusi.

Kule mwaloni hema lile halikumaliza asubuhi. Upepo wa ziwa ulilinyanyua pamoja na chupa ya chai ya Asha, ukalitupa majini, ikabidi nahodha Rugemalira alifukuzie kwa mtumbwi. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa aliyelijaribu. Nyumbani kwake migomba ilizuia upepo, na matandazo ya miaka mingi yalishika vigingi barabara. Mwaloni hakuna mgomba hata mmoja, na mchanga wa kokoto haushiki kigingi. Mhaya akitaka kujaribu kitu hukipeleka kibanjani, kana kwamba dunia nzima imepandwa ndizi. Safina wa uhasibu, ambaye ni mtoto wa mjini, alimuuliza mbele ya watu kama aagize miche ya kupanda ziwani. Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka, maana Septemba ilikuwa imeshaingia na Asha alikuwa bado ananyeshewa.

Akahamia mwaloni kwa siku kadhaa, akakaa pale pale anapokaa Asha. Aliporudi, akiwa na mafua, alijua anachokitafuta: kitu ambacho mwanamke mmoja anaweza kukibeba mgongoni akiteremka mlima wa kwenda mwaloni, akakisimamisha peke yake kwenye upepo, mizani ikaenea ndani, na kisitegemee vigingi. Akasikia kwamba Kampala kuna duka la vifaa vya uvuvi vya mtumba kutoka nchi za baridi. Akapanda basi la kupitia Mutukula.

Huko alikuta mahema ya watu wanaovua juu ya barafu. Wenzetu hao hutoboa tundu kwenye ziwa lililoganda, wakasimamisha hema juu yake, wakakaa humo, kila mtu na ndoano yake. Ofisini wapo ambao mpaka leo hawajakubali kwamba ziwa linaweza kuganda. Yalikuwapo ya aina tatu, na Rwekaza aliingia katika yote matatu, amekalia ndoo, amepakata ndoo nyingine badala ya mizani, mwenye duka akimtazama.

La kwanza lilikuwa la watu wawili. Kwenye picha alizotutumia kwa simu sote tulilishabikia kwa sababu ya nafasi yake, lakini Asha asingeliweza mgongoni. La pili lilikuwa na sufi ndani. Huko kwao sufi hiyo huokoa maisha, huku kwetu jua likichomoza baada ya mvua mtu angeiva. La tatu lilikuwa la mtu mmoja, la kitambaa kizito chekundu ambacho nahodha angekiona akiwa mbali. Lilikuwa na madirisha ya kufungua na kufunga, halikuwa na sakafu, na chini lilizungukwa na pindo pana linalolala ardhini. Wenyewe hulirundikia theluji ili upepo usipenye. Rwekaza akawaza mchanga na mawe, akalichukua.

Safari hii halikufika Kamachumu. Lilikwenda moja kwa moja mwaloni, siku ambayo ziwa lilikuwa limechafuka. Asha alilibeba mwenyewe, akalisimamisha mwenyewe, akajaza mawe juu ya pindo, huku Mzee Rwekaza amefunga mikono nyuma asije akashawishika kumsaidia. Upepo ulilisukuma asubuhi yote, likapepesuka na kubaki palepale. Mvua za Oktoba zilipoanza, Asha alikuwa ndani. Mwalo haukufungwa. Tangu wakati huo hajalazwa tena, na kwa hilo tunaona fahari kubwa.

Mwezi uliopita Mzee Rwekaza alikwenda mwaloni kuaga. Mitumbwi ilikuwa inashusha, na mvua ikamwagika bila taarifa. Asha akafungua zipu, akamwita kwa Kihaya kama binti anavyomwita baba yake, "Waitu Tata, ingia!" Mzee akachungulia. Ndani alikuwamo Asha, mizani na ndoo, na pa kuingiza hata goti la mtu wa pili hapakuwapo. Akamwambia aendelee kupima, watu wanasubiri. Asha akafunga zipu. Nahodha Rugemalira anasema mzee alisimama pale nje mpaka mzigo ukaisha, shati limemng'ang'ania mwilini, akimsikiliza Asha akitaja kilo kwa sauti isiyo na kikohozi, na kwamba hajapata kuona mtu aliyelowa akifurahi namna ile.

Mzee Rwekaza, tunakushukuru kwa uaminifu wako, kwa ukali wako wa stooni na kwa vichekesho ambavyo hukuvikusudia. Tutakukosa, na hatuoni sababu ya kulificha hilo. Uwe na afya njema na siku nyingi za furaha, wewe na Mama Annastella. Asha anakusalimu sana na anaomba radhi kwamba kwenye sherehe ya kukuaga hatakuwapo. Siku hiyo dagaa wanashuka, naye yuko kazini.

Dativa Kaijage, kwa niaba ya wafanyakazi wote