Aliyemwacha Mjane Acheke: Maisha ya Evaristo Cassiani Herazo, 1944–2017

Kila asubuhi, kabla hajaonja kahawa, marehemu Evaristo alifungua dirisha la mbele, akaegemeza viwiko, akawatazama watu wa Rebolo wakienda kazini, akasonya. Watu wenyewe hakuwachukia. Alichukia walichovaa. Mkanda mweusi na kiatu cha kahawia, msonyo mfupi. Suruali ya kubana kwenye tumbo lisilobanika, msonyo mrefu. Majirani walishamzoea, na wengine walipita upande wa dirisha lake makusudi.

"Mzee Evaristo, leo vipi?" binti wa nyumba ya pili alimwuliza siku moja, akijizungusha.

"Nani kakuvalisha, adui yako?"

"Nimeinunua jana hii!"

"Basi karudishe leo."

Aliyepita bila kusonywa alijua kapendeza. Kwa mtu huyu kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa, na sifa nyingine hakuwa nayo.

Alizaliwa Jumatano tarehe 20 Septemba 1944, mtaani Rebolo, mjini Barranquilla, Kolombia, mtoto wa tatu wa Marcelino Cassiani, mpakuzi wa mizigo bandarini, na Eulogia Herazo, dobi. Wazazi wote wawili walitoka kijiji cha Palenque. Mama alifua nguo za matajiri uani, na mtoto alikaa kando ya beseni akizikagua. Aliliona shati la jaji likiwa limelowa, na doa la kwapa lisilotoka. Aliyaona magauni ya wake za wafanyabiashara yakichuja rangi na kuacha maji ya kijivu. Alipenda kusema kwamba kinyaa chake kilianzia pale kwenye beseni, na kwamba hakuna nguo ya bei iliyowahi kumtisha baada ya hapo.

Shule aliianza mwaka 1952 na kuimaliza mwaka 1954, ikiwa kumaliza ndilo neno lenyewe. Siku ya mwisho mwalimu alichora ua ubaoni, akaamuru kila mtoto alinakili. Wote waliinamisha vichwa, isipokuwa mmoja.

"Cassiani, mbona huchori?"

"Ua lako limekufa, mwalimu."

"Toka nje!"

Akatoka, na hakurudi. Mama yake alimpiga, kisha akaenda mwenyewe shuleni kuliona lile ua. Aliporudi hakumpiga tena.

Mwaka uliofuata alipokelewa na fundi Anselmo, mchoraji wa vibao vya maduka. Alichora nguruwe wa wauza nyama na vichwa vya vinyozi, akijifunza kupanga herufi na kuchanganya rangi. Kuanzia mwaka 1967 alichora picó, yale maspika makubwa kama kabati la nguo yanayopiga muziki mtaani Jumamosi, ambayo kila moja lina jina lake na picha yake usoni. Rangi zake ziliwaka hata taa zikizimwa. Waandishi wa magazeti walipomwuliza ilhamu yake anaitoa wapi, aliwajibu, "Kwenye kinyaa." Walicheka wakaandika kuwa mzee ni mcheshi. Hakuwa anatania.

Ndoa yake nayo ilitokana na kunyamaza. Katika ngoma ya mtaani ya mwaka 1970, Nohemí Julio, mshona nguo, alikuja na gauni alilolishona kwa kitambaa cha pazia, maua makubwa kama sahani. Marehemu alisimama mbele yake wimbo mzima bila kutoa sauti.

"Wewe ni bubu?" Nohemí alimwuliza.

Akatikisa kichwa. Rafiki yake wa tangu utoto, Remberto Salcedo, ndiye aliyemjibia. "Dada, huyo hajasonya. Olewa upesi kabla hajapata akili!"

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Desemba mwaka huohuo. Waliishi pamoja miaka arobaini na sita katika nyumba ambayo kila ukuta una rangi yake.

Kazi iliyompa jina ni Mjane. Mwaka 1974 Remberto alinunua picó yake mwenyewe, akamwomba amchoree simba. Marehemu alisonya. Mji mzima ulikuwa na simba, chui na nyoka, alisema, ungedhani watu wanacheza ndani ya bustani ya wanyama. Akamchorea mjane, mwanamke wa gauni la njano na viatu vya kijani, kichwa kimerudi nyuma, anacheka mdomo wazi mpaka pengo la jino la mbele linaonekana.

Gauni lilikuwa la Bi Digna Mercado, muuza samaki wa kukaanga. Mumewe alipozikwa, Bi Digna aliwashangaza waombolezaji kwa kuja makaburini na njano, rangi ambayo marehemu mumewe aliikataza nyumbani.

Wazo la mjane asiyelia lilitoka kwenye wimbo wa santuri ambayo Remberto aliipata kwa mabaharia. Aliikwangua karatasi ya katikati kwa kisu, kama wanavyofanya wenye picó wote, ili wapinzani wasijue mwimbaji ni nani. Aliikwangua kwa haraka kiasi kwamba hata yeye mwenyewe hakuwahi kuisoma. Mtaa mzima ulisikia mle jina la mwanamke, ukaimba kwa sauti, "Cecilia, mama, Cecilia!" Walicheza na Cecilia mwaka mzima, mpaka baharia mmoja wa Mombasa aliposhuka melini, akasikia, akashika mbavu kwa kicheko.

"Hakuna Cecilia hapo," aliwaambia. "Anasema usilie. Mama, usilie."

Marehemu alinyamaza siku nzima. Bi Nohemí alijua basi kwamba kuna jambo limempendeza.

Na kinyaa, Padre atuwie radhi, kilitoka kwenye sanamu ya Bikira Maria Mama wa Mateso iliyo hapa parokiani, yenye midomo iliyofumbwa kama mfuko wa mchele ulioshonwa. Tangu akiwa mtoto marehemu aliitazama kila Ijumaa Kuu akasikia kichefuchefu. "Mama kafiwa na mwanawe," alisema, "na bado fundi kamkataza kulia." Alipokea ekaristi akiwa amefumba macho.

Kabla ya kuchora alikwenda kumwomba ruhusa Bi Digna, akamkuta anapindua samaki kikaangoni.

"Nichore," Bi Digna alimwambia. "Lakini mdomo usinifunge. Mume wangu Abundio alilionea aibu pengo langu. Miaka yote ya ndoa nilicheka nikiwa nimeweka kiganja hapa, tazama, hivi. Nikisahau, ananikumbusha kwa mkono wake."

"Sikufungi."

"Apa."

"Naapa kwa mikono yangu yote miwili."

Remberto alipoiona picha alishika kichwa. "Swahiba, mjane anacheka? Na pengo hilo? Watu watasema mimi ndiye niliyemuua mumewe!"

"Watasema una muziki mzuri."

"Mfumbe mdomo kidogo tu. Nakununulia kreti ya bia."

"Inywe mwenyewe."

Watu walikuja kumwona Mjane kutoka mitaa yote. Bi Digna alikuja Jumamosi ya kwanza, akasimama mbele ya spika, akacheka kwa sauti, na mkono wake ukabaki kiunoni. Alifariki mwaka 1998. Kila mwaka kabla ya kanivali, rangi zilipofifia kwa jua na jasho, marehemu alimpaka Mjane upya, na kila mwaka alianzia mdomoni. Gauni lingeweza kungoja.

Kuanzia mwaka 2009 alisumbuliwa na shinikizo la damu. Daktari alimkataza chumvi, kahawa na kuchukizwa. Chumvi aliiacha. Kahawa aliipunguza. La tatu lilimshinda, maana dirisha lilikuwa bado lipo na watu walikuwa bado wanavaa.

Alifariki Jumamosi tarehe 11 Februari 2017, jioni, akiwa ameketi kwenye benchi la kituo cha basi upande wa kaskazini wa mji, miguu ameikunja vizuri, suti nyeupe haina doa. Daktari ameandika moyo. Familia haibishani na daktari.

Waliofika kumuaga wataona mdomo wake umebinuka kidogo upande wa kushoto. Mwenye duka la majeneza alitaka kuunyoosha ili apendeze. Bi Nohemí alimshika mkono, akamwambia, "Huo ndio uso wake. Nyoosha wa kwako." Wataona pia wekundu kwenye kidole chake cha shahada. Waliomwosha walidhani ni damu. Si damu, na mkewe aliwazuia wasiusugue.

Marehemu ameacha wajane wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kwenye spika. Wa nyumbani ndiye huyu aliyevaa njano leo, na anayetaka kumwuliza sababu akamwulize Bi Digna huko aliko. Ameacha watoto wawili, Yadira na Edilberto, wajukuu wanne, dada yake Tomasa aliyeko Palenque, na swahiba wake Remberto, ambaye tangu juzi hajawasha muziki na leo atauwasha. Tunamwomba Mungu ampumzishe kwa amani mahali penye rangi.

Limebaki jambo moja, ambalo Bi Nohemí ameomba lisomwe mwisho, kabla jeneza halijashuka.

Mwezi wa Novemba alifika Rebolo mbunifu wa mavazi kutoka Bogotá, Bi Marcela Ibarguren. Alimbusu marehemu mashavu yote mawili, akasimama mbele ya picó akashika moyo wake. "Maestro, wewe ni ilhamu yangu!" Aliomba kumpiga picha Mjane ili amtie kwenye nguo.

"Mchukue," marehemu alimwambia. "Mimi pia gauni nilichukua kwa mtu, na wimbo nilichukua kwa mtu nisiyemjua. Hiyo hainiudhi. Ila mdomo usimfunge. Niliapa."

"Naahidi, maestro," alisema Bi Marcela, macho yapo kwenye simu.

Juzi Jumamosi alimwalika kwenye maonyesho ya hizo nguo, kaskazini mwa mji. Marehemu alivaa suti nyeupe na tai ya njano, akaketishwa mstari wa mbele katikati ya Bi Nohemí na Remberto. Ukumbi ulinuka manukato kama nyumba iliyopuliziwa dawa ya mende. Wahudumu walipitisha vijiko, kila kijiko na kitu cha kijivu juu yake.

"Hii ni ya kula au ya kupaka?" Remberto alimnong'oneza.

Kisha wimbo ukaanza. Ulikuwa wetu, lakini walikuwa wameupunguza mwendo mpaka ukawa kama mtu anayeumwa tumbo. Wakatoka wasichana, wamekonda, wamenuna, wakitembea kama waliotumwa kwa lazima, na kifuani mwa kila mmoja alikuwapo Mjane. Njano haikuwepo. Gauni lake lilikuwa rangi ya uji uliolala, rangi ya bandeji iliyotumika. Viatu vya kijani walivikata. Na mdomo walikuwa wameufunga. Mstari mmoja mwembamba, umenyooka, kama mfuko ulioshonwa.

Bi Marcela aliinama nyuma yao. "Tumemtuliza kidogo, maestro. Wateja wangu hawavai kelele."

"Na mdomo?" Bi Nohemí ndiye aliyeuliza, maana mumewe hakuufungua wake.

"Aa, mdomo! Ukifungwa anakuwa na hadhi. Huoni amekuwa wa kisasa?"

Remberto alijivuta pembeni kwenye kiti, akiusubiri msonyo. Alifikiri utapasua vioo. Nguo ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tano, na marehemu hakutoa hata pumzi. Bi Marcela alikuwa amesimuliwa tabia zake. Akapiga makofi, akawageukia wageni wake. "Amenyamaza! Mnaona? Amependa!"

Bi Nohemí alimshika mumewe mkono, akaukuta baridi. Alikuwa ameusikia ukimya wake kwa miaka arobaini na sita, na huu hakuujua.

"Nohemí," alimwambia, "nipe rangi yako ya mdomo."

Alimpa. Marehemu akainuka, akalainisha koti lake, akatembea polepole hadi mlangoni, ambapo walikuwa wametundika kitambaa kirefu kuliko mtu, na Mjane juu yake, na chini wameandika "Ilhamu ya mtaani". Watu walidhani anakwenda kuweka sahihi. Simu zikanyanyuliwa, makofi yakaanza.

Hakuweka sahihi. Alichora mdomo juu ya ule mstari, akaupanua kutoka shavu hadi shavu, akasambaza wekundu kwa kidole chake, akaacha meno, na pale pa jino la mbele akapaacha wazi.

"Mzee, unafanya nini?" mlinzi alimwuliza.

"Namfungua."

Makofi yalikufa. Bi Marcela alikuja mbio, viatu vinagonga sakafu. "Maestro! Maestro, hicho kitambaa kimeshauzwa!"

Marehemu alimtazama Mjane mara moja tu, kama mtu anavyohakikisha amefunga dirisha. Akaizungusha rangi ya mdomo irudi ndani, akaiziba kifuniko, akampa mlinzi ampelekee Bi Nohemí.

"Unakwenda wapi, maestro? Bado kuna sehemu ya pili!"

Aliusukuma mlango kwa bega, asije akauchafua kwa kile kidole chekundu. Akatoka, na hakurudi.